Sisi wa Pembeni na Katikati ya Mji wa Ifakara

Wako wananchi wengi hapa Viwanja Sitini ambao, wakiulizwa ni lini walikwenda katikati ya mji wa Ifakara kwa hiari yao, hufikiri kwanza kabla ya kujibu. Walikwenda benki. Walikwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko kumjulia hali mgonjwa. Walikwenda kupanda basi. Lakini kwenda mjini kwa kuwa mji ni mji, kuchagua kitambaa, kumwona fundi cherehani, kuketi mgahawani na kuzungumza na mtu wa Mahenge au wa Mlimba aliyefika siku ile, mwendo wa namna hiyo umepungua. Nyanya ziko gengeni. Mchele uko kwa mama wa nyumba ya tatu. Fedha zatoka kwa wakala wa simu aliyeketi chini ya mwavuli, hatua chache kutoka mlangoni.

Jambo hili limekuwa likizungumzwa sana barazani kwetu, na mazungumzo yenyewe hayana upole. Jirani yangu mmoja, mtumishi wa Serikali aliyekwisha staafu, ashikilia kwamba katikati ya mji yafaa iachwe ijifie. Asema, je, kuna haja gani ya kumwaga fedha kwenye vichochoro vilivyobanana, vyenye matope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi, hali ardhi tupu i tele pembeni? Na ijengwe stendi mpya, na soko jipya, mahali palipopimwa, kama sisi tulivyopimiwa. Hoja hii yawapendeza wengi, na sababu yake ni dhahiri: mwenye kiwanja pembeni hupanda thamani siku ile ile stendi inapotangazwa. Viwanja Sitini ni jina lililotoka katika hesabu ya viwanja, basi tusistaajabu kwamba wenyewe twapenda hesabu hiyo.

Wako wengine wanaolilia zamani. Hao hukumbuka enzi ya pantoni. Kabla daraja la mto Kilombero lenye urefu wa mita 384 halijazinduliwa mwaka 2018, safari ya Mahenge na Malinyi ilikuwa ni safari ya kungoja. Maji yakijaa au chombo kikiharibika, msafiri hakuwa na hila: alilala Ifakara, akala Ifakara, akanunua chumvi na sabuni Ifakara. Sasa aliye na gari avuka kwa dakika chache, na barabara ya lami ya karibu kilomita 67 kutoka Kidatu yamwezesha kupita mjini bila hata kushuka. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeitamani pantoni irudi. Mwezi Januari 2016 kivuko kilizama mtoni, nasi twalikumbuka jambo hilo. Hata hivyo ni lazima tukiri kwamba sehemu ya uchangamfu wa mji ule ilitokana na dhiki ya wasafiri, na dhiki hiyo ilipoondoka, mji haukutafutiwa sababu nyingine ya kumfanya mtu asimame.

Mimi sikubaliani na jirani yangu mstaafu, wala sikubaliani na wanaoililia pantoni.

Tuanze na hili la kuhamisha. Nchi yetu imekwisha jifunza mara nyingi, kwa gharama kubwa, kwamba biashara haihami kwa barua ya ofisi. Jengo la Machinga Complex pale Ilala, Dar es Salaam, lilijengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakitapakaa barabarani. Kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilibaki vitupu, kwa kuwa wateja walikuwa wakipita kwingine, na machinga hufuata mguu wa mteja. Kinyume chake, Soko la Kariakoo lilipoteketea usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Serikali haikusema soko likajengwe nje ya jiji kwenye nafasi. Lilikarabatiwa na kupanuliwa pale pale, kwa sababu mitaa yote ya jirani, maghala, nyumba za wageni na njia za mabasi, ilikuwa imekwisha jipanga kulizunguka. Mtu akitaka kujua soko ni nini, na ajiulize ni vitu vingapi vitakavyokufa likiondolewa.

Hivyo ndivyo ilivyo hapa kwetu pia, kwa kipimo chetu kidogo. Mama anayetoka bondeni na kambale wake, au na debe la mpunga nyuma ya baiskeli, hana nauli ya kwenda soko moja kuuza, kisha kituo kingine kupanda gari, kisha mahali pa tatu kununua dawa. Katikati ya mji humpa vyote hivyo kwa mwendo mmoja wa miguu. Sisi wenye mishahara twaweza kuishi bila katikati ya mji. Yeye hawezi. Na huyu ndiye ninayemwona akisahauliwa kila mara watu wa barazani kwetu wanapochora ramani kwa vijiti mchangani.

Sasa niseme kidogo juu ya ndugu zangu watumishi na walimu, nami nikiwa miongoni mwao. Twalalamika kwamba mjini hakuna duka la maana, kisha ujapo mwisho wa mwezi twapanda basi kwenda Morogoro kununua shuka na viatu. Twalalamika kuhusu taka, na takataka zetu twazitupa kwenye mtaro unaoteremka huko huko mjini. Zamani Chama kiliita zoezi la namna hii kujikosoa, na lilikuwa zoezi jema.

Aidha, wako wasomaji wenye umri wa kukumbuka kwamba miji ya nchi hii ilikwisha kaa bila mwenyewe. Katika mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972, halmashauri za miji ziliondolewa, na shughuli zao zikawa chini ya uongozi wa mikoa na wilaya, ambao macho yao yalielekezwa vijijini. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa mkulima alikuwa amepuuzwa mno. Lakini taka zilirundikana, barabara za mitaa zikatoboka, maji yakawa ya shida, na mwaka 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Mji usio na mtu wa kuulizwa habari zake huoza haraka. Leo Ifakara ina Halmashauri yake ya Mji, kwa hiyo udhuru huo hatunao.

Je, ifanye nini? Naona kazi ya kwanza ni mitaro. Ifakara imekaa kwenye uwanda wa chini, maji yake ya ardhini hayako mbali, na mto Lumemo ukifura twajua sote unakokwenda. Mvua za mwaka 2024 zilitukumbusha. Muuza nguo hawezi kuwekeza katika duka ambalo kila masika hubeba mali yake juu ya meza. Rangi, taa na vibao vizuri vyaweza kungoja. Baada ya mitaro, yafuate mahali pa kuegesha baiskeli penye mlinzi, jambo ambalo wapangaji wa miji hulidharau ingawa Ifakara ni mji wa baiskeli. Na ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, sehemu yake ielekezwe kwa vikundi vitakavyokubali kufungua kazi katika vyumba vilivyofungwa katikati ya mji.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitaka watu washirikishwe katika kuyafikiri na kuyapanga maendeleo yao. Kwa jambo hili, watu ni akina nani? Si wenye maduka peke yao, wala si sisi wa Viwanja Sitini peke yetu. Yule mama wa kambale hahudhurii mkutano wa mtaa wowote wa mjini, kwa maana mtaa wake uko mbali, lakini ndiye anayelipa ushuru wa sokoni. Yafaa aulizwe pale pale sokoni, siku ya soko, na mtu aliyetumwa na daftari.

Katika mkutano ujao wa mtaa wetu nitasimama kuuliza habari za mtaro. Jirani yangu mstaafu amekwisha niambia kwamba naye atasimama, kunipinga.