Vijana wa ubaharia wapewe nafasi melini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalogusa uhai wa wananchi, nalo ni elimu ya maafisa wanaoongoza meli zetu za abiria na mizigo.

Najua wapo wasomaji watakaoshangaa. Buigiri ni nchi kavu ya Ugogo, na maji tunayahesabu kwa ndoo. Mwalimu wa huku ana habari gani za meli? Ndugu wananchi, ninazo sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni mwenzangu niliyemaliza naye chuo cha ualimu, akapangiwa shule katika visiwa vya Ukerewe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101, lakini waliokufa tu walizidi 220. Tulimpigia simu usiku kucha bila kumpata. Asubuhi alijibu; siku ile alikuwa darasani. Wenzetu wengi hawakupata jibu kama letu.

Siku iliyofuata Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alilihutubia taifa. Alieleza kwamba nahodha alimwachia usukani mtu ambaye hakuwa na mafunzo. Neno hilo halijanitoka moyoni mpaka leo. Watu husema ajali haina kinga. Lakini kumpa usukani mtu asiyejua si ajali. Ni uamuzi wa binadamu, na uamuzi una kinga.

Sababu ya pili ni kijana niliyemfundisha hapa kijijini. Huyu ni mtoto wa mkulima, hodari wa hesabu, ambaye hakuwahi kuiona bahari mpaka alipokwenda kuisomea. Alisoma uongozaji wa meli, akajifunza ramani za bahari, kuzima moto na kuokoa watu majini. Darasani amefaulu. Leo yuko shambani kwa baba yake analima alizeti. Siyadharau hata kidogo mashamba ya alizeti, lakini sicho taifa lilichomsomeshea. Kila anakoomba nafasi melini anaambiwa alete uzoefu kwanza. Naye anauliza, uzoefu huo ataupata wapi kama hakuna meli ya kumpokea?

Nilitaka kujua kama kijana ananidanganya, nikasoma masharti yenyewe. Upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 juu ya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia. Ulianza kutumika mwaka 1984, ukafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na 2010. Anayetaka kuwa afisa wa zamu katika meli ya bahari ya tani 500 au zaidi lazima awe ametimiza miaka 18. Lazima pia awe amefanya kazi baharini si chini ya miezi 12 katika mpango wa mafunzo uliokubaliwa, na mafunzo hayo yaandikwe katika kitabu maalumu. Ndani ya muda huo, si chini ya miezi sita awe ameshika zamu akisimamiwa na nahodha au afisa mwenye sifa. Asiyekuwa katika mpango kama huo anadaiwa miezi 36. Hata akishapata cheti, anapaswa kukihuisha kila baada ya miaka mitano.

Masharti haya ni mazuri, wala siombi yalegezwe. Meli haina mahali pa kusimama njiani ili dereva aulize. Ninachosema ni kwamba sharti la miezi 12 haliwezi kutimizwa na kijana peke yake.

Nitoe mfano wa kazi yangu. Nilipokuwa chuoni, sikukabidhiwa darasa kwa sababu nilifaulu mitihani. Nilipelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi alikaa nyuma ya darasa na daftari lake, akakagua andalio langu la somo na kunisahihisha mpaka nikaelewa. Hakuna aliyeniambia nikajitafutie shule mwenyewe. Chuo na serikali vilinitafutia, na mwalimu mkuu alinipokea kama sehemu ya kazi yake. Ikiwa tunafanya hivyo kwa mtu atakayeshika chaki, tunashindwaje kwa mtu atakayeshika roho za mamia ya watu usiku wa manane?

Ndugu Mhariri, makosa haya mawili ni mapacha. Upande mmoja usukani unashikwa na asiyefunzwa. Upande wa pili aliyefunzwa hana usukani wa kujifunzia. Tukilitibu hili la pili tutakuwa tumeanza kulitibu la kwanza.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila meli na kivuko cha umma kitenge nafasi za wanafunzi wa ubaharia, na waliomo wasimamiwe na maafisa wenye vyeti. Pili, serikali izungumze na wenye meli zinazofanya biashara na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara ili nao wapokee vijana wetu. Tatu, idadi ya mabaharia na vyeti vinavyotakiwa kabla chombo hakijaondoka vibandikwe mahali abiria anapoweza kusoma, kama tunavyobandika ratiba ya vipindi darasani.

Nasisitiza pia habari ya maziwa. Mkataba nilioutaja unahusu meli za baharini. Vyombo vya Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa vinategemea sheria zetu wenyewe na ukali wetu wenyewe. Ziwa halina chumvi, lakini linaua kama bahari. Hatujasahau MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, kama ambavyo ndugu zetu wa Unguja na Pemba hawajasahau Spice Islander tarehe 10 Septemba 2011. Najua katika misiba ile yalisemwa mengi juu ya kujaza watu kupita kiasi. Hata hapo afisa mwenye elimu na cheti cha kulinda ndiye mwenye ujasiri wa kusema, "Chombo hakiondoki."

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar ndio wenye dhamana ya usalama huu. Nawaomba walitazame jambo hili kabla hatujaitwa tena kuhesabu majeneza. Kijana wangu wa alizeti yuko tayari, na begi lake liko nyuma ya mlango.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Buigiri, Dodoma.