Uzoaji wa Taka Jijini Nairobi: Gharama Imo Safarini

Waswahili husema kwamba mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi. Hekima ya methali hii hudhihirika kila juma huko Kitisuru, mtaa wa matajiri ulioko kaskazini-magharibi mwa Nairobi, karibu na mpaka wa Kaunti ya Kiambu. Asubuhi mifuko ya taka hutolewa langoni, lori hupita, mifuko ikatoweka na barabara zenye miti zikabaki safi. Kwa mkazi wa hapo, shughuli imekwisha. Kwa jiji, ndiyo kwanza imeanza. Lori hilo lina mwendo wa takriban kilomita 20 kulikata jiji zima hadi jaa la Dandora, upande wa mashariki. Yeyote anayetafuta namna ya kuboresha huduma za Nairobi bila ya kuongeza gharama hana budi kuanza na safari hiyo.

Historia ya uzoaji wa taka jijini ni historia ya kubadilisha wenye malori. Baraza la Jiji lilivunjwa mwaka 1983, na tume zilizoteuliwa na serikali zikaliendesha jiji hadi mwaka 1992. Katika kipindi hichohicho, huduma za umma zilipozidi kuzorota, kampuni za kibinafsi zilijitokeza kuzoa taka za wale walioweza kulipa. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya kazi hiyo kuwa jukumu la kaunti, na mwaka 2013 serikali ya kaunti ikashika hatamu. Mwezi Machi 2020 jukumu hilo lilihamishiwa kwa mamlaka maalumu ya serikali kuu, kisha mwaka 2022 likarejeshwa kwa kaunti. Tangu mwaka 2023 kaunti imeajiri maelfu ya vijana wa kufagia barabara na kuzibua mitaro. Kila zamu ilikuja na ahadi zake, na baadhi ya juhudi hizo zilionekana kwa macho. Hata hivyo, swali lililoulizwa daima lilikuwa ni nani atakayelimiliki lori. Ni nadra kuulizwa lori limebeba nini.

Jibu la swali hili la pili ni jepesi. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya sukuma wiki, makombo ya chakula, majani yaliyokatwa bustanini. Mali hii ni nzito kwa sababu imejaa maji. Kwa hiyo jiji linalolalamikia uhaba wa fedha hununua dizeli, hulipa madereva na huchakaza magurudumu ili kusafirisha maji machafu kutoka magharibi hadi mashariki. Linalosikitisha zaidi ni kwamba mahitaji ya taka hizo yako upande ule zilikotoka. Ng'ambo ya mpaka, kuelekea soko la Wangige, wako wakulima wa mboga wanaohitaji mbolea kila msimu. Karibu na hapo, Upper Kabete, ndipo ilipo kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yenye wataalamu wa udongo. Taka zinazooza za Kitisuru, Loresho na Spring Valley zingeweza kugeuzwa kuwa mboji katika eneo hilohilo, na lori likapunguziwa mzigo kabla halijawashwa.

Wazo hili si geni kwa sheria. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, na inazipa kaunti wajibu wa kuandaa mahali pa kuzipokea na kuzichambua. Lakini sheria haiwezi kumlaumu mkazi anayeitenganisha mifuko yake jikoni kisha akaiona ikimwagwa pamoja ndani ya lori moja. Mpangilio wa hatua ni muhimu. Kwanza pawepo kituo cha mboji. Pili, ratiba ya kuchukua taka zinazooza siku moja na zile kavu siku nyingine. Tatu ndipo mkazi adaiwe utiifu. Ratiba ya namna hiyo haihitaji msafara wa malori mapya, ila lori lililopo libadilishe siku na njia. Kwa kaunti ambayo madeni yake kwa wakandarasi na wauzaji bidhaa yamefikia makumi ya mabilioni ya shilingi, hili si jambo dogo. Mkandarasi asiyelipwa huliegesha lori lake, na mtaa hunuka.

Yamkini wapo watakaopinga. Watasema kwamba wakazi wa Kitisuru hulipa kodi ya ardhi na papo hapo hulipa kampuni binafsi, kwa hiyo wamekwisha kutimiza wajibu wao. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Ndani ya wadi hiyohiyo ya Kitisuru kimo kijiji cha mabanda cha Kibagare, kilichobanana kando ya Loresho. Katika vijiji kama hicho jijini, kazi ya kuzoa taka mara nyingi huachiwa vikundi vya vijana, kwa ada ndogo. Ada isipopatikana, taka huishia kijitoni, na vijito vya magharibi ya Nairobi huteremka mashariki kama vile malori yanavyoelekea mashariki. Dar es Salaam ilipoanza kukabidhi uzoaji kwa kampuni binafsi mwaka 1994, ilianza na kata za katikati ya jiji. Vikundi vya wakazi vikapewa kata nyingine baadaye, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani. Funzo lililobaki ni kwamba ada ya maskini haiwezi peke yake kugharimia uzoaji. Fedha zitakazookolewa katika safari ya lori la Kitisuru zitumike kwanza kuizolea Kibagare.

Aidha, wako waokotaji wa Dandora wanaoishi kwa chupa, vyuma na karatasi. Utenganishaji ukifanywa bila wao, watapoteza riziki. Ukifanywa pamoja nao, watapokea vitu vikavu na safi, na kazi ya vituo itakuwa na watu wenye ujuzi ambao hakuna chuo kilichowafunza.

Kusubiri nako kuna bei yake. Jaa la Dandora lilianza kutumika miaka ya 1970 na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori hayakukoma. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, jirani na Kitisuru, lilitoa utafiti uliowapima watoto 328 wa eneo la jaa hilo. Takriban nusu yao walikutwa na risasi katika damu kupita viwango vinavyokubalika kimataifa. Mwezi Julai 2021 mahakama iliamuru jaa lifungwe katika muda wa miezi 6. Muda huo ulipita na malori yakaendelea kumwaga. Kule Kampala, jaa la Kiteezi liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuua watu zaidi ya 30. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta zinazojengwa juu ya makaburi.

Basi bajeti ya usafi wa Nairobi isipimwe kwa idadi ya malori yaliyozinduliwa mbele ya kamera. Ipimwe kwa tani ambazo hazikufika Dandora. Mwakilishi wa wadi akiulizwa swali hilo kila mwaka na wapiga kura wa Kitisuru na wa Kibagare kwa pamoja, atalazimika kulijibu. Na mkazi atakayelitenga ganda la ndizi jikoni mwake atakuwa ameanza kuutambua mzigo wa mwenziwe kwa uzito wake halisi.