Mbuyu si wa Mufindi: tuhesabu miche iliyopona

Mvua zikianza, tunatangaziwa idadi ya miche. Swali ambalo halipewi uzito ni moja tu: imepandwa wapi?

Chukua mbuyu. Ukame unauvumilia, ila baridi kali na maji yanayotuama hauviwezi. Ukiupeleka Mufindi, umepoteza mche na nguvu zako. Pawaga, Izazi au Ruaha Mbuyuni, kwenye joto, uko nyumbani. Usangu, wilayani Mbarali, epuka mabonde yanayojaa maji, tafuta palipoinuka.

Hili si jambo dogo. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na maji yake ndiyo yanayosaidia kuzalisha umeme Mtera. Kweli, miti peke yake haitaurudisha mto wakati maji mengi yanaishia mashambani. Lakini kupanda mikaratusi kwenye chanzo cha maji ni kuongeza tatizo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60.

Kabla ya kuchimba shimo, jiulize: pana joto? Maji yanatuama? Ng'ombe na mbuzi wanapita?

Na viongozi watuambie miche mingapi imefika mwaka wa pili, siyo mingapi iligawiwa.