Nani kasema kuchekesha ni kazi rahisi?

Jamani, kuna wasomi wananiudhi. Ukiwatajia Les Ballets Trockadero de Monte Carlo wanabetua midomo: "Aah, wale wanaume wanaovaa sketi za baleti!" Basi, mada imefungwa.

Haijafungwa. Kundi hilo lilianzishwa New York mwaka 1974, na limeshapanda mara kadhaa jukwaa la Zellerbach, ukumbi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Wachezaji wote ni wanaume, na wanasimama juu ya ncha za vidole vya miguu, kazi ambayo baleti ya kawaida imewaachia wanawake. Watazameni katika ile ngoma ya bata maji anayekufa, ambayo Fokine alimtungia Anna Pavlova. Manyoya yanapukutika jukwaa zima, ndege anakata roho kwa madaha, watu hawana mbavu. Lakini angalieni miguu! Kuanguka kila mtu anaweza (hata mimi, tena bila mazoezi). Kuanguka palepale ulipopanga, bila kuupoteza muziki, kunataka miaka.

Nyie mnaolipa kiingilio mkasinzie kwa heshima mbele ya Swan Lake "halisi", huu ndio mnaouita upuuzi? Nitajieni hatua moja tu waliyoicheza vibaya bila kukusudia. Nasubiri.