Darubini ya Redio kwa Vyuma Chakavu: Tusisubiri Maabara

Jarida letu halikosi makala ya kulalamikia wasomi wanaoikimbia Afrika. Sina ugomvi na makala hizo, ila kuna swali moja zinaliruka: huyo anayerudi, anarudi na nini mkononi?

Mwenzetu mmoja (jina kapuni) alimaliza masomo yake huku, akarudi kufundisha chuo kimoja nyumbani. Alisomea kwenye mashine za thamani kubwa. Alikokwenda akakuta chumba, meza na ubao. Mwaka wa pili akaacha kazi. Simlaumu hata kidogo. Ninachosema ni kwamba sisi wanafunzi wa uhandisi tunafundishwa kutumia vitu, hatufundishwi kuviunda kwa kile kilichopo. Na elimu hiyo ya pili ndiyo itakayotufaa siku tukishuka uwanja wa ndege na masanduku yetu.

Mfano wangu ni darubini ya redio. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Subirini kidogo.

Darubini ya redio haitazami, inasikiliza. Jua na gesi iliyotanda kati ya nyota hutoa mawimbi ya redio usiku na mchana. Ukitaka kuyanasa unahitaji antena, amplifaya, kipokezi na kompyuta ya kuandika matokeo. Basi. Tena ukiisoma historia ya fani hii utaona imejaa watu waliookoteza. Karl Jansky, aliyetangaza mwaka 1933 kwamba amenasa redio kutoka kwenye Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota tunaouona kijijini usiku usio na mwezi, alizungusha antena yake juu ya magurudumu ya gari la Ford. Mwaka 1937 Grote Reber alijenga dishi la mita 9 hivi kwenye uwanja wa nyumba yao huko Wheaton, Marekani, kwa mbao na bati na pesa ya mfukoni mwake.

Mwaka 1951 mwanafunzi wa udaktari pale Harvard, Harold Ewen, pamoja na msimamizi wake Edward Purcell, walinasa kwa mara ya kwanza mawimbi ya haidrojeni ya angani. Antena yao ilikuwa boksi la mbao lenye umbo la faneli, ndani limefunikwa shaba, likatokezwa nje ya dirisha. Msaada walioupata ulikuwa dola 500. Wanafunzi waliopita chini walilirushia mipira ya theluji. Na Jocelyn Bell, aliyegundua nyota za palsa mwaka 1967 akiwa mwanafunzi Cambridge, kwanza alitumia kama miaka miwili kupigilia nguzo na kufunga nyaya shambani na wenzake.

Leo kazi ni rahisi zaidi. Mwaka 2012 ilikuja kujulikana kwamba vile vidude vya USB vya kutazamia televisheni kwenye kompyuta vinaweza kugeuzwa kuwa vipokezi vya masafa mapana. Kimoja kinauzwa kama pauni 30. Amplifaya ndogo ya haidrojeni haipishani sana na bei hiyo. Antena, mimi na wenzangu wawili tuliitengeneza kwa mbao nyepesi za kuzuia baridi ukutani zilizobaki kwenye ujenzi, tukazifunika foili. Mdomo wake una upana wa kama sentimita 75. Kitako ni kopo la mstatili la kuyeyushia rangi, ndani yake kuna kipande cha waya wa shaba cha sentimita 5 na kidogo, yaani robo ya urefu wa wimbi lenyewe ambalo ni sentimita 21. Programu ni za bure. Jumla haikufika pauni 100. Wengi wetu huku tunajua kubeba boksi. Hili nalo ni boksi, ila halikulipi kwa saa.

Na linaonyesha nini? Haidrojeni hutoa mawimbi kwenye megahezi 1420.4. Ukielekeza boksi kwenye Njia Nyeupe, ukaacha kompyuta ijumlishe kwa dakika kadhaa, kinatokea kilima kwenye grafu. Kilima hicho hakikai palepale. Gesi ikija upande wetu, frikwensi inapanda. Ikitukimbia, inashuka, kama kilohezi 4.7 kwa kila kilomita moja kwa sekunde. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha sita mwenye rula anaweza kupima kasi ya gesi iliyo mbali kiasi ambacho hakuna chombo kitakachofika. Hii si ngano, jamani, ni kuzidisha na kugawanya.

Sasa sikilizeni la nyumbani. Huku tuliko, kaskazini mwa Uingereza, kitovu cha Njia Nyeupe hakipandi zaidi ya nyuzi 7 au 8 kutoka upeo wa macho. Paa la jirani linakificha. Dar es Salaam kinapanda hadi kama nyuzi 68. Anga zuri liko kwetu, na wenzetu wanalijua siku nyingi. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza anga kwa mionzi ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikapewa jina la Uhuru. Jina letu, bahari yetu. Chombo na takwimu vya wengine.

Hadithi hiyo inaweza kujirudia. Afrika Kusini ilizindua madishi 64 ya MeerKAT mwaka 2018. Ghana iligeuza dishi kuukuu la simu la mita 32 pale Kuntunse likawa darubini, mwaka 2017. Kati ya nchi nane za Afrika zilizoshirikishwa na Afrika Kusini katika mradi mkubwa wa SKA, Kenya imo, na Longonot lipo dishi la ukubwa huohuo la enzi za simu za setilaiti. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazimo. Swali langu ni rahisi: siku vyombo hivyo vikihitaji mafundi na watafiti, watatoka wapi, kama kijana wetu hajawahi kushika hata boksi la foili?

Kuna watakaosema, watu hawana maji, wewe unatuletea habari za nyota. Hoja nzito, siibezi. Lakini tazameni ujuzi wenyewe. Antena, amplifaya na kutenganisha ishara na makelele ndiyo kazi ya kila mnara wa simu tunaowaita wageni kuja kuurekebisha. Yule Purcell wa boksi la dirishani alipata Nobel mwaka 1952 kwa utafiti uliokuja kuzaa mashine za MRI za hospitali. Elimu haina ukuta kati ya nyota na wodi.

Wengine watasema kifaa cha pauni 100 hakitagundua kitu kipya. Kweli, hakitagundua. Na katikati ya jiji, simu zitakisumbua. Faida yake ni mtu atakayetoka hapo akijua kila waya unafanya nini, na asiyeogopa kikiharibika. Fundi wa madishi wa Kariakoo tayari anajua nusu ya kazi hii. Hajapewa tu nusu ya pili.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Hazina ya jumuiya yetu kila mwaka hulipia chakula cha usiku na muziki. Tule, tucheze, sina neno. Ila tutenge pauni 300 za seti tatu, tuzijengee hapa Jumamosi kadhaa, watu wa fani zote wakaribishwe, na wanaokwenda likizo ya Desemba wazipeleke kwenye sekondari walizosoma. Foili na mbao zitapatikana hukohuko. Kinachosafiri ni vidude vinavyoenea mfukoni na mtu mmoja anayejua kueleza.

Mkutano mkuu unakuja. Naomba kutoa hoja.