Zawadi ya Noeli kwa Baba Mwenye Kupenda Pori



Mwezi uliopita nilipokea barua ya kijana mmoja anayechimba zahabu upande wa Manguredjipa. Anasema miaka miwili hajafika nyumbani. Mwaka huu Mungu amemsaidia, ameweka pesa kidogo pembeni, naye anataka kushuka Beni kwa Noeli na Bonane. Kwa mama amekwisha kujua la kununua: kikwembe. Shida ni baba. Mzee anakaa hapa kwetu Mulekera, naye ni mwindaji tangu ujana wake. Kijana alipomwuliza kwa simu, "Papa, nikuletee nini?", mzee alijibu, "Uniletee risasi za kalibre 12, pakiti moja tu." Mama akamnyang'anya simu akasema, "Usimusikilize! Umuletee suruali na viatu vya kanisa." Kijana anauliza: Mchungaji, nimsikilize nani?

Nimeizungusha barua hii kichwani siku nyingi, kwa sababu si ya kijana huyu peke yake. Kila mwisho wa mwaka watoto wetu wanashuka kutoka karie, pikipiki zimejaa magodoro na redio, na wengi wao wana baba ao mjomba aliyelelewa na pori.

Kwanza niseme wazi: kuwinda si zambi. Wako wahubiri wanaomtazama mwindaji sawa mtu wa dunia, juu wakati mwingine anakosa ibada. Lakini Isaka alipenda nyama aliyoileta Esau (Mwanzo 25:28). Mwenye hekima anamcheka mvivu ambaye hata nyama aliyoiwinda hapiki (Mezali 12:27). Na Torati inampa mwindaji sheria zake: amwage damu ya nyama na kuifunika kwa udongo (Walawi 17:13), na akikuta ndege juu ya makinda asichukue mama pamoja na watoto (Kumbukumbu la Torati 22:6-7). Sioni namna gani Mungu angepangia sheria nzuri hivi kazi anayoichukia.

Tena mtu anayependa pori hapendi nyama tu. Kama ni nyama, soko iko. Yeye anapenda kuamka mbele ya jogoo, kusikia mabawa ya hondohondo juu ya miti mikubwa, kujua kwamba mboloko alipita hapa asubuhi hii wala si jana, kwa sababu umande umepanguswa kwenye jani. Anapenda mbwa wake. Anapenda kukaa kimya bila mtu kumwomba kitu. Nyama anayoleta jioni ni ushahidi tu, ili mama asimgombeze.

Mimi mwenyewe nilikosa katika jambo hili. Nilipomaliza masomo ya Biblia, pesa yangu ya kwanza nilimnunulia marehemu baba yangu fungu la waya za breki za baisikeli. Nilikuwa nimemwona akitega kwa kamba za miti, nikafikiri nimepata zawadi kamili. Baba akatega sana. Lakini waya hauozi sawa kamba, na hauchagui. Ukisahau mtego mmoja, utaendelea kukamata miezi na miezi, na kilichokamatwa kinaoza pale bila mtu kukila. Waya zangu zilikamata mboloko mwenye mimba. Halafu zikamkamata mbwa wake mwenyewe, aliyemlea tangu mdogo. Alimkuta siku ya tatu. Baba hakunigombeza. Alileta waya zilizobaki, akaziweka mbele yangu, akasema, "Mutoto wangu, zawadi yako iko na njaa kuliko mimi."

Sasa risasi. Kijana, usinunue.

Sheria ya uwindaji ya inchi yetu ni ya tarehe 28 Mei 1982. Kuwinda kunaomba karatasi, bunduki inaomba karatasi yake, na nyama wengine hawaguswi kabisa, sawa okapi, sokwe na tembo. Parke ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925, iko karibu na mashamba yetu, na ndani yake hawindi hata mwenye karatasi. Lakini tuseme papa yako ana karatasi zote mfukoni. Anakwenda wapi? Tangu mwezi wa 10 mwaka wa 2014 watu wetu wamechinjwa upande wa Oicha, Eringeti, Mbau, na hata ndani ya mji wa Beni. Ni wangapi tumezika ambao walikwenda tu kuvuna kakao ao kuchimba muhogo! Mzee mwenye bunduki akitoka porini na kukutana na askari, ataeleza nini? Akikutana na wale wengine, hatapewa hata nafasi ya kueleza.

Tena tusisahau Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, kule Mangina karibu yetu, ukatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walipita 3400, na waliokufa walipita 2200. Nyama aliyekutwa amekufa porini haokotwi, hata kama njaa ni kali. Hii muwaambie hata wapishi wa kule karie, ambao wananunua nyama iliyokaushwa kwa moshi bila kuuliza ilitoka wapi.

Kwa hiyo mama ana haki juu ya risasi. Juu ya viatu vya kanisa, hapana. Ninajua wawindaji hapa Mulekera ambao wamekaa miaka mingi bila kuvuka mwisho wa kartye. Mmoja wao, kila jioni anaweka kiti chake ukutani, uso kuelekea miti. Ukimsalimia anajibu vizuri, lakini macho hayageuki. Huyu mtu amefiwa na pori, na hakuna aliyekuja kumpa pole. Sasa mtoto wake anafika kutoka mbali, anamfungulia viatu vyeusi vya ngozi na tai. Mzee atasema aksanti. Lakini moyoni atasikia: baba, umekwisha, sasa ukae. Risasi zinamwambia nenda ufe. Viatu vinamwambia umekwisha kufa. Tutafute zawadi inayosema neno lingine.

Mimi ningeanza na mabote ya mpira. Shamba anakwenda, mvua inanyesha, matope ya Mulekera unayajua. Na nyoka mara nyingi anauma mguu, chini ya goti. Usinunue kwa kukisia. Umwambie mdogo wako asimamishe mguu wa baba juu ya karatasi, auchore kwa kalamu, akutumie urefu kwa sentimita. Ongeza upana wa kidole, kwa sababu ya soksi. Bote inayobana itamalizia kwa mjomba.

Tochi ya kufunga kichwani ni zawadi ya mtu mwenye mikono ya kazi. Tafuta ile inayochajiwa kwa jua, ili usimwachie mzee mzigo wa kununua mabetri. Uiwashe mbele ya kulipa, ndani ya duka, pale nyuma kwenye giza. Kapoti nzuri ya mvua pia. Na kama panga lake ni la zamani analipenda, usimletee jipya, umletee tupa ya kulinoa. Mtu wa pori hapendi kubadilishiwa panga kama vile mimi sipendi kubadilishiwa Biblia yangu yenye mistari ya kalamu.

Ana mbwa? Basi nunulia mbwa! Zawadi hii inafurahisha wawindaji kuliko zote, na watoto wengi hawaifikirii. Katika pori zetu iko aina ya mbwa wadogo wasiobweka, ambao Wazungu wanaita basenji. Ndiyo maana wazee wanawafunga kengele ya mbao shingoni, ili wajue amefika wapi. Kengele iliyochongwa vizuri mzee ataipokea kwa mikono miwili. Pamoja nayo, lipa chanjo ya kichaa cha mbwa kwa veterineri, na uweke pesa ya kuirudilia mwaka kesho. Mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, dalili zikianza kuonekana, karibu kila mara anakufa. Hapo umepatia mbwa zawadi, na wajukuu wote wa parseli pia.

Kwa mzee asiyetoka tena, ila ana nafasi nyuma ya nyumba kubwa, fikiria mzinga wa nyuki kando ya shamba, mbali na njia ya watoto. Aliyetafuta asali katika matundu ya miti hatahitaji kufundishwa tabia ya nyuki. Ao simbiliki: kule Benin, Afrika ya Magharibi, watu walijifunza kuwafuga katika vizimba, wanawalisha majani na muhogo. Mwindaji anajua tayari nyama huyu anakula nini na anaogopa nini. Sungura pia ni wazuri, ila wazee wengine wanasema ni kazi ya watoto.

Neno dogo kwa vijana wa karie: usichukue zawadi kwa deni la duka la kule juu. Baba hatavaa mabote kwa furaha akisikia kwamba mwezi wa 2 unachimba kwa kulipa mabote.

Nimeacha kwa mwisho zawadi ya bei ndogo: kaye na kalamu. Mwaka wa 1900 Mwingereza Harry Johnston alifika kwenye kituo cha Wabelgiji cha Mbeni akitafuta nyama ambaye wataalamu wa Ulaya hawakumjua. Wambuti ndio walimweleza habari zake. Alipata vipande vya ngozi tu, vilivyokatwa kama mikanda. Mwaka wa 1901 afisa mmoja wa kituo kile, Mswedi Karl Eriksson, akamtumia ngozi nzima na mafuvu, na wenye elimu wa London wakashangaa. Ndiye okapi. Katika vitabu vya elimu anaitwa Okapia johnstoni. Jina la mgeni limeandikwa juu yake, na majina ya wawindaji waliomjua tangu mababu hayamo. Hawakuwa na mtu wa kuwakalia na kaye.

Nilinunua kaye hiyo kwa ajili ya baba yangu nikiwa nimechelewa, miguu yake imekwisha kuchoka. Nilimwomba anitajie miti kwa Kinande, na kila mti unatumika kwa nini. Siku ya kwanza alinicheka. Siku ya pili ndiye aliyeniita. Tulifika miti 61, na nyama, na ndege, na mahali pa maji ambapo mimi sikupajua na sasa siwezi kufika. Ukurasa wa mwisho aliandika mwenyewe, pole pole, kwa mkono wake. Ni jina la yule mbwa.

Basi kijana wangu, leta mabote, tochi na kaye, na kikwembe cha mama usikisahau. Keti na papa siku tatu kabla ya kurudi, si saa tatu. Na kwa habari ya ile pakiti, usimdanganye kwamba risasi hazikupatikana. Umwambie wazi kwamba hukununua, na kwa nini. Atakasirika, labda mpaka Bonane.