Ni Samaki Tu

Nilimuua mwenyewe, kwa hiyo nianze na hilo kabla sijamlaumu mtu mwingine.

Alikuwa beta dume, wa buluu, mkia mpana kama khanga iliyoanikwa penye upepo. Nilimnunua Mwanza mjini kwa shilingi 15,000, akiwa kwenye kopo la plastiki lenye maji yasiyozidi kikombe cha chai. Nilipomuuliza muuzaji namna ya kumtunza, alinijibu huku akitafuta chenji: "Huyu hana makuu. Muweke hata kwenye glasi, mpe punje za mkate. Ni samaki tu." Nikapanda gari la Magu nimempakata. Nyumbani nikamweka kwenye jagi la kioo, juu ya kabati, karibu na televisheni. Wageni wakamsifia.

Wiki ya pili nikamwonea huruma kwa upweke wake. Mjomba wangu ni mvuvi. Nikamwomba aniletee furu mdogo akitoka Ghuba ya Speke.

"Mjomba, furu wa nini? Huyo hata kwa mboga hatoshi."

Nikamwambia natafuta rafiki wa samaki wangu. Akacheka sana, lakini kesho yake alimleta kwenye kidumu kilichokatwa. Nikawaweka pamoja jioni. Asubuhi beta alikuwa amelala ubavu chini ya jagi, mkia umebaki nyuzinyuzi kama ufagio wa chelewa. Alikufa siku ya nne. Furu akamfuata siku mbili baadaye, katika maji yaliyokwisha kunuka. Mama aliponiona nimenuna, alinifariji: "Mwanangu, ni samaki tu."

Ugomvi wangu ni na maneno hayo matatu. Yanasemwa dukani, yanasemwa sebuleni, na zamani yalisemwa na wakubwa waliokuwa na mamlaka juu ya ziwa zima. Kila yaliposemwa, kuna aliyelipa.

Tuanze na jagi. Beta ni samaki wa Asia ya Kusini-Mashariki, anayeishi kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi yenye majani mengi. Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa mwaka 2019. Ana kiungo kichwani kinachomwezesha kupanda juu ya maji na kuvuta hewa, kama kamongo na kambale wetu wanavyofanya kwa njia zao. Ndiyo maana hafi upesi kwenye glasi, na ndiyo maana muuzaji anaweza kukudanganya bila wewe kushtuka. Lakini kamongo naye huvumilia matope maji yanapokauka, na sijamsikia mvuvi akisema kamongo hahitaji ziwa. Kuvumilia si kustawi.

Anachohitaji beta kinapimika. Maji yasipungue ndoo moja ya lita 20. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 28, na lisipande na kushuka ovyo. Mchana wa Magu hautamsumbua, bali usiku wa Juni na Julai, jagi dogo linapopoa haraka, atajikunyata. Hita ndogo si anasa. Tangi liwe na kifuniko, kwa sababu huruka. Chakula chake ni wadudu, na viluwiluwi vya mbu ni karamu kwake. Mkate unaoza tu.

Jambo lililomuua wangu, hata kabla ya furu, halionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia, na chakula kilichobaki huongeza amonia nyingine. Amonia humuunguza matamvua. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ina madhara madogo na huondoka unapobadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye chujio na mchanga. Tangi likishaandaliwa, basi, hukaa wiki hizo zote bila samaki. Na maji ya bomba hayaendi humo moja kwa moja: klorini inayotukinga sisi na kipindupindu huua bakteria hao na kumdhuru samaki.

Kisha ndipo lije swali la rafiki. Wazee walishatuambia kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tuliolelewa kati ya ng'ombe tungepaswa kulielewa hili kuliko watu wote. Beta dume wawili watapigana hadi mmoja aumie au afe. Dume na jike huwekwa pamoja kwa kuzaliana tu, chini ya uangalizi. Gapi wenye mikia mirefu humchokoza bila kujua, kwa sababu huwaona kama madume wenzake. Samaki wa dhahabu hupenda maji baridi zaidi na huchafua mno. Furu dume hulinda eneo lake kwa meno, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kwa gharama. Katika ndoo moja ya maji, jibu sahihi ni beta peke yake, labda na konokono. Tangi likifika lita 60 hivi, unaweza kufikiria kundi la samaki wadogo wapole wa chini, kama korido. Hata hapo uwe na chombo cha pili tayari, maana kuna beta hapatani na yeyote. Konokono wasiokotwe ziwani: baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho, nawe utakuwa unaingiza mkono humo kila wiki.

Upweke niliomwonea huruma ulikuwa wangu. Yeye alikuwa na eneo lake, na mimi nilimletea mvamizi.

Sasa tutoke sebuleni twende ziwani, kwa sababu kosa hilihili liliwahi kufanywa katika tangi la kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Ziwa Victoria lilikuwa na spishi za furu zinazokadiriwa kuwa 500 au zaidi, kila moja na kazi yake: wapo waliokula konokono, waliokwangua mwani kwenye mawe, waliokula wadudu, hata waliokula mayai na vifaranga vya wenzao. Maofisa wa kikoloni waliwaona kuwa takataka, wadogo na wenye miiba mingi. Wazo likawa kuleta samaki mkubwa atakayewala takataka hao na kuwageuza kuwa nyama ya thamani. Mwaka 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango huo. Sangara aliingizwa hata hivyo, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Huyu mgeni anaweza kufikia urefu wa mita 2. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza ziwa, na furu waliporomoka. Wanakadiriwa kutoweka takriban spishi 200. Ni furu tu, si ndiyo?

Najua jibu linalokuja, kwa sababu ni jibu la nyumbani kwetu. Sangara alijenga viwanda Mwanza, akaleta fedha za kigeni, akawapa vijana wa mwambao kazi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye nyavu za mjomba, na nyavu hizo zilinasa sangara. Siwezi kuitukana sahani niliyolia. Lakini minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wengi tukabaki na mapanki. Na faida, hata ikiwa kubwa, haijibu swali la nani aliulizwa. Mvuvi wa Magu hakuulizwa. Onyo lililoandikwa halikusikilizwa. Anayetetea matokeo mazuri anisaidie pia kutetea namna uamuzi ulivyofanyika, nami nitanyamaza.

Wala tusimsingizie sangara kila kitu. Karibu na miamba ya kusini mwa ziwa kuna furu waitwao Pundamilia, jina la kisayansi lililochukuliwa kwenye Kiswahili chetu. Mmoja wao, Pundamilia nyererei, alipewa jina la Mwalimu mwaka 1985, mwaka uleule alipong'atuka urais. Leo anafugwa kwenye matangi ya watu Ulaya na Marekani, na sisi tunanunua beta wa Thailand. Jike lake humchagua dume kwa rangi, na dume wake ni mwekundu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yanapokuwa machafu, majike hawatofautishi tena rangi, spishi zinachanganyika, na aina zinapungua bila hata mmoja kuliwa. Tope hilo halikuletwa na mkoloni. Linatoka kwenye mashamba tunayolima hadi ukingoni na kwenye majitaka tunayoyaachia, linateremka na mito kama Simiyu hadi Ghuba ya Speke. Jagi langu lilinuka kwa sababu hiyohiyo: niliweka uchafu kuliko maji yalivyoweza kubeba.

Kwa hiyo naomba mambo machache, nawe msomaji uyachukue kama ugomvi, si ushauri. Usinunue samaki kabla ya maji yake. Muuzaji akikwambia glasi inatosha, ondoka na fedha yako. Ukichoka kufuga, usimmwage samaki ziwani wala mtoni kwa kudhani unamwachia huru. Mpe mfugaji mwingine. Ziwa hili limeshapokea wageni wa kutosha waliotiwa na watu waliodhani wanafanya wema. Na uwajue furu wako angalau watatu kwa majina, kabla hujaweza kutaja aina saba za mikia ya beta.

Kwenye kabati langu sasa kuna tangi la lita 60. Lina mchanga, mimea, chujio na hita, lakini halina samaki. Huu ni mwezi wa pili nikipima maji. Mtoto wa jirani huja kila jioni, akabandika pua kwenye kioo.

"Samaki yuko wapi?"

"Bado. Maji hayajawa tayari."

Jana aliniuliza nani ataishi na huyo samaki akija. Ana miaka 7, na ameuliza kabla samaki hajaingia.